Uzito wa swichi za kibodi

Uzito wa swichi ni kiasi cha kani ambacho kidole kinapaswa kutoa ili kitufe cha kibodi (pia: baobonye) kishuke hadi mahali ambapo kompyuta inaisajili herufi. Jambo hili hutajwa hasa kuhusu kibodi za kimakanika, yaani zile ambazo kila kitufe kina swichi yake yenye springi ya chuma, kwa kuwa swichi hizo hutengenezwa kwa uzito mbalimbali na mnunuzi anaweza kuchagua. Mtu anayetumia kibodi mbili zenye uzito tofauti, kwa mfano moja ya kazini na nyingine ya nyumbani, kwa kawaida hukosea zaidi na kuchoka mapema kila anapobadilisha, mpaka vidole vizoee.

Vipimo

Uzito wa swichi huandikwa kwa gramu au kwa sentinyutoni (cN). Kifizikia gramu ni kipimo cha masi, si cha kani. Watengenezaji wanaposema "gramu 45" wanamaanisha kani inayolingana na uzito wa kitu cha gramu 45 kilichowekwa juu ya kitufe. Kani hiyo kwa kila gramu moja ni sentinyutoni 0.98, kwa hiyo katika matumizi ya kila siku namba hizo mbili huchukuliwa kuwa sawa.

Namba moja haielezi yote. Swichi ya kawaida ya aina ya Cherry MX ina mwendo wa milimita 4 kutoka juu hadi chini, na herufi husajiliwa karibu na milimita 2. Kwa kuwa springi hukaza kadiri inavyobanwa, kitufe huwa chepesi mwanzoni, kizito zaidi mahali pa kusajili, na kizito kabisa kinapogonga chini. Watengenezaji wengine huandika kani ya kusajili, wengine huandika ile ya mwisho wa mwendo. Ndiyo maana swichi mbili zenye namba ileile kwenye boksi zinaweza kuhisiwa tofauti sana, na mnunuzi anayelinganisha namba bila kuangalia zimepimwa wapi hupotoka kwa urahisi.

Wapenzi wa kibodi wana njia rahisi ya kupima nyumbani: hupanga sarafu juu ya kitufe moja baada ya nyingine hadi herufi itokee kwenye skrini. Sarafu ya senti 5 ya Marekani hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ina gramu 5 kamili, lakini sarafu yoyote ambayo uzito wake unajulikana inafaa.

Mifano ya swichi

Swichi nyingi zinazouzwa leo zinafuata umbo la Cherry MX, lililobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Rangi ya kishina cha plastiki ndani ya swichi huonyesha aina yake. MX Black ina kani ya kusajili ya takriban cN 60, na MX Red cN 45. Zote mbili hushuka moja kwa moja bila kizuizi. MX Brown iko karibu na Red kwa uzito, ila ina kinundu kidogo njiani ambacho kidole hukihisi. MX Blue ina kinundu pamoja na mlio, na MX Green ni kama Blue yenye springi nzito zaidi. Kampuni za China kama Kailh na Gateron hutengeneza swichi za umbo hilohilo kwa uzito mwingi zaidi, kuanzia nyepesi sana hadi zile zinazohitaji kusukumwa kwa nguvu.

Nje ya familia hiyo kuna kibodi ya IBM Model M, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985. Ndani yake springi hupinda ghafla kitufe kinapofika mahali pake na kutoa mlio mkali. Ni nzito kuliko kibodi nyingi za leo, na watu walioanza kazi nayo mara nyingi huona kibodi za sasa kuwa laini kupita kiasi. Kampuni ya Topre ya Japani hutengeneza swichi za gramu 30, 45 na 55. Baadhi ya kibodi zake za Realforce huchanganya uzito huo katika kibodi moja, vitufe vya vidole vidogo vikiwa vyepesi kuliko vya vidole vya shahada.

Kwa nini vidole hukosea

Mchapaji mzoefu haangalii vitufe wala hafikirii kani. Ubongo umekwisha kujifunza kiasi cha kusukuma, na hutuma amri kwa kidole kabla hakijagusa kitufe. Amri hiyo hupangwa kwa kibodi iliyozoeleka. Kibodi ikibadilika, amri inabaki ileile kwa muda, na hapo makosa hutokea.

Jambo la kujifunza kani limechunguzwa kwa mkono mzima. Mwaka 1994 Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi walichapisha majaribio ambamo watu walishika mkono wa roboti uliosukuma mkono wao pembeni walipojaribu kufikia shabaha. Baada ya kurudia mara nyingi walinyoosha tena mwendo wao. Kani ilipoondolewa ghafla, mikono yao ilipinda upande wa pili, kana kwamba bado inapambana na kitu ambacho hakipo. Mchapaji anayetoka kwenye kibodi nzito kwenda kwenye nyepesi huonyesha tabia inayofanana na hiyo: huendelea kugonga kwa nguvu isiyohitajika tena.

Makosa hutofautiana kulingana na upande wa badiliko. Kutoka nyepesi kwenda nzito, herufi hukosekana, hasa zile za vidole vidogo, kwa sababu kidole huinuka kabla ya kitufe kufika mahali pa kusajili. Kutoka nzito kwenda nyepesi, herufi huongezeka: kidole kilichopumzika juu ya kitufe hukibonyeza bila kukusudia, au kidole kinachopita hugusa kitufe cha jirani.

Katika Kiswahili tatizo hili lina sura yake. Herufi A ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi katika lugha hii, na katika mpangilio wa QWERTY huchapwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni kati ya vidole dhaifu. Neno "wakakataa" lina herufi tisa, na tano kati yake ni A. Aidha, irabu moja na irabu mbili hutofautisha maana: "kata" na "kataa", "kufa" na "kufaa". Barua iliyokusudiwa kusema kwamba mtu fulani "amekufaa" ikipoteza A moja kwenye kibodi nzito, inatangaza kwamba "amekufa". Programu ya kusahihisha tahajia haitagundua kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Mwenye kibodi mpya hana budi kusoma upya alichoandika kwa macho yake.

Kuzoea

Muda wa kuzoea hutofautiana kati ya mtu na mtu. Tofauti ndogo, kama kutoka cN 45 hadi 50, wengi hawaihisi baada ya dakika chache. Tofauti kubwa, kama kutoka cN 45 hadi 80, inaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi, na kwa siku hizo kasi hupungua.

Kinachosaidia zaidi ni kuchapa polepole mwanzoni. Anayelazimisha kasi yake ya zamani hurudia makosa yaleyale na kuyazoea. Kwa kibodi nyepesi, jambo la kwanza la kurekebisha ni mahali pa kupumzisha vidole: viguse vitufe bila kuvilemea, au viganja vishushwe kabisa wakati wa kufikiri. Kwa kibodi nzito, vipindi vya mwanzo viwe vifupi, kwa kuwa kidole kilichochoka hakijifunzi vizuri. Si busara kubadilisha kibodi siku ya mtihani wa kuchapa au wakati wa kazi yenye tarehe ya mwisho.

Kutumia kibodi mbili kwa zamu kunawezekana. Wapiga piano hufanya hivyo maisha yao yote, kwa kuwa karibu hawasafiri na piano yao: hufika ukumbini, hukuta ala yenye vibao vizito au vyepesi kuliko vya nyumbani, nao hujaribu kwa muda kabla ya onyesho. Mchapaji pia, baada ya wiki kadhaa za kubadilishana, hujikuta anarudi kwenye kila kibodi kwa makosa machache kuliko mara ya kwanza. Kibodi zinazotofautiana wazi kwa umbo au sauti huelekea kuchanganywa kidogo kuliko zile zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa uzito.

Njia nyingine ni kuondoa tofauti yenyewe. Kibodi nyingi za sasa zina soketi zinazoruhusu swichi kung'olewa na kuchomekwa bila kulehemu. Swichi za umbo la MX zinaweza pia kufunguliwa na kuwekwa springi nyingine. Ni kazi ya subira, kwani kibodi kamili ina vitufe zaidi ya 100, lakini springi ni rahisi kuliko kibodi mpya. Pete za mpira zinazowekwa chini ya vitufe hupunguza kelele na mgongano, ila hazibadilishi uzito wa springi.

Afya

Tafiti zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wachapaji hugonga vitufe kwa kani inayozidi mara kadhaa ile inayohitajika, na kwamba vitufe vizito huongeza kazi ya misuli ya mkono. Kwa hiyo swichi nyepesi huweza kumpunguzia mzigo mtu anayechapa siku nzima, lakini kwa sharti kwamba anaacha kugonga chini kwa nguvu. Asiyeacha huhamishia nguvu ileile kwenye bamba la kibodi. Wengine huchagua swichi zenye kinundu au springi inayokaza mwishoni kwa sababu hiyo, ili kidole kipate ishara ya kusimama.

Uchovu kidogo wa vidole katika siku za kwanza ni kawaida. Ganzi, maumivu ya kifundo cha mkono au maumivu yanayoendelea usiku si sehemu ya kuzoea. Mwenye dalili hizo arudie kibodi ya zamani au apumzike kuchapa, na amwone daktari.