Barua ya Mwomba Sadaka

Wengine hudhani kwamba kumwuliza mchangishaji barua yake ni ugumu wa moyo. Historia yatufundisha sivyo.

Zamani katika Ulaya watu walizunguka mijini na vijijini wakiomba sadaka kwa ajili ya hospitali na makanisa. Wengine walikuwa waaminifu, wengine wadanganyifu waliojiita watumishi wa mahali wasipotumwa. Je, hasara ilikuwa ya nani? Si ya mtoaji peke yake: mgonjwa hakupata kitu, na mwombaji wa kweli alifungiwa mlango.

Basi, mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano uliamuru kwamba asipokelewe mwomba sadaka asiyeonyesha barua ya kweli ya Baba Mtakatifu au ya askofu wa jimbo. Tena asilale vilabuni, asitumie mali ovyo, wala asivae kanzu ya utawa wa uongo.

Lakini barua peke yake haikutosha. Mwaka 1562 Mtaguso wa Trento ulifuta kazi ya wachangishaji hao hata jina lake. Sadaka zao zikawekwa mikononi mwa maaskofu pamoja na wakanoni wawili, wazikusanye bila kupokea mshahara wowote.

Serikali nazo zilifuata njia hiyo. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1916 iliwapa wasimamizi wa polisi uwezo wa kuweka kanuni za michango ya barabarani.

Basi tusione haya kuuliza: «Nani amekutuma?» Anayeuliza hivyo hamnyimi maskini, analinda fungu lake.