Mafuta kwa Deni

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka ule moshi wa asubuhi, magari ya zimamoto yalivyokuwa machache, na helikopta zilizotoka Rwanda kuja kumwaga maji. Shangazi yangu alikuwa na meza pale, upande wa vipodozi: mafuta ya kujipaka, glisirini, pafyumu za Dubai, wanja, sabuni za uso. Alikuwa na miaka 52. Mali yake karibu yote aliichukua kwa deni. Kwa hiyo moto ulichoma vitu vya watu wengine, yeye ukamwachia madeni.

Wiki mbili hakutoka nyumbani. Halafu akaenda kwa tajiri mmoja wa Buyenzi anayeuza kwa jumla, mtu aliyemfahamu tangu ujana, akamwambia: siwezi kukulipa nikikaa, nipe tena. Alipewa mfuko mmoja. Hakuwa na meza tena wala pesa ya kodi, basi akaanza kutembeza.

Msomaji asiyeijua Buyenzi ajue kwamba ni kartie ya Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, barabara zake zina namba, na nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga samaki wewe unapiga chafya. Mambo ya urembo pale hayakuanza jana. Wazee wetu wa milimani walijipaka siagi ya ng'ombe. Watu wa ziwani walileta udi na manukato ya pwani. Mawese ya Rumonge yakawa sabuni. Shangazi hakuwafundisha watu kujipaka. Yeye aliwapelekea tu mafuta mlangoni.

Namna alivyofanya kazi nataka kuieleza polepole, maana hapa kambini tunapewa semina nyingi za biashara na sijasikia hata moja ikieleza jambo hili. Alinunua dumu kubwa, akapima mafuta kwenye chupa ndogo. Akifika kwa mtu hatoi bidhaa kwanza. Anakaa, anauliza habari za mtoto aliyelazwa, anauliza harusi ya mdogo wake imefikia wapi. Kisha anamimina tone moja kwenye kiganja cha mwenyeji, anamwacha anuse. Pesa haitajwi. Anatoa daftari, anaandika. Mwisho wa mwezi, serikali ikishalipa mishahara, anarudi kukusanya.

Lile daftari nimelishika mikononi. Majina hayakuandikwa kama ya benki. "Mama wa mapacha, mlango wa bluu, 3,000." "Yule mke wa fundi cherehani, 1,500, atoe Ijumaa." Baada ya mwaka mmoja alikuwa na wanawake watatu waliochukua chupa kwake na kuziuza kwingine, Bwiza na Kinama, kila mmoja akibaki na faida yake.

Sasa swali: mbona aliweza? Watu walisema eti uzee umemkuta vibaya, anazunguka na mfuko kama msichana. Mimi naona uzee ndio uliokuwa mtaji. Msichana wa miaka 20 haingizwi chumbani kwa mke wa mtu akafungue chupa za pafyumu; mume akirudi patakuwa na maneno. Shangazi aliingia kila nyumba. Alikwisha lia kwenye misiba yao, alikwisha pika kwenye harusi zao, na alijua nani hulipa na nani hukimbia. Ujuzi huo haununuliwi, na moto wa soko haukuugusa.

Nilipoanza kusoma juu ya biashara hii duniani, nilishangaa kuona wanawake wa umri wake wamejaa humo. Mwaka 1886 huko Marekani, bwana mmoja aitwaye David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba na kugawa pafyumu kama zawadi, akagundua watu wanataka pafyumu kuliko vitabu. Muuzaji wake wa kwanza alikuwa Persis Albee wa New Hampshire, mama wa miaka 50, ambaye alizunguka kuuza na kuwaingiza wanawake wengine kazini. Kampuni ile baadaye iliitwa Avon. Wakati huo wanawake wengi wa nchi yake hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Madam C. J. Walker alizaliwa Louisiana mwaka 1867, mtoto wa kwanza wa familia yake kuzaliwa huru, maana wazazi wake walikuwa watumwa. Akawa yatima akiwa na miaka 7, mjane akiwa na miaka 20, akafua nguo za watu kwa miaka mingi. Alikaribia miaka 40 alipoanza kuuza mafuta yake ya nywele mlango kwa mlango. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa amefundisha maelfu ya mawakala, wanawake weusi ambao kazi yao nyingine ingekuwa kufua na kupika kwa watu. Na jambo moja linanigusa zaidi: uhai wake wote hakuuza dawa ya kuchubua ngozi. Kampuni yake iliitoa baada ya yeye kufa.

Nasema linanigusa kwa sababu shangazi yangu aliuza. Tusifichane. Mwaka 2014 krimu za kuchubua ndizo zilizotoka haraka, na deni la moto lilikuwa bado linamkaba. Mpaka mteja wake mmoja uso ukababuka, akawa anatoka nje amejifunika kanga hadi puani. Shangazi alifuta deni la yule dada, akatupa zilizobaki. Krimu nyingi za namna hiyo zina haidrokwinoni, nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Hata humu kambini zinapita, kwa hiyo naliandika hili bila haya.

Wa tatu ni Mary Kay Ash wa Dallas. Alifundisha mwanaume kazi, kisha akaona huyo mwanaume anapandishwa cheo juu yake. Akaacha. Mwaka 1963, akiwa na miaka 45, alichukua akiba ya dola 5,000 aanze kampuni ya vipodozi. Mume wake akafa mwezi mmoja kabla ya kufungua, akaendelea na kijana wake wa miaka 20. Huyu alikuwa na sheria kali: muuzaji alipe mzigo wake kabla ya kuuchukua. Hakuna mkopo. Sheria hiyo ililinda kampuni, sikatai. Lakini bidhaa isipotoka, hasara inalala kwa muuzaji, na mpaka leo kuna akina mama wengi wenye makatoni chini ya kitanda waliyoyanunua kwa kuahidiwa utajiri. Akija mtu kwenye bloku yako akitaka ulipe kwanza ndipo uingie "timu", muulize nani atabeba katoni lisilouzika.

Buyenzi deni lilibebwa na wote: tajiri alimdai shangazi, shangazi aliwadai wateja, wateja walingoja mshahara. Ilitembea vizuri mpaka Aprili 2015 maandamano yalipoanza. Tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa Kagunga, ufukweni, maelfu ya watu na kipindupindu katikati. Tulivushwa hadi Kigoma na MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyozinduliwa 1915, yaani ilitubeba ikiwa na miaka 100. Kutoka Kigoma tukaletwa Nyarugusu. Shangazi alikuwa na blanketi, sufuria na lile daftari. Watu walimcheka. Nani atalipa? Waliomo wametawanyika Rwanda, Uganda, Kongo, wengine wamefariki.

Hapa alijaribu kujiandikisha kwenye mradi mmoja wa wajasiriamali. Akaambiwa ni wa vijana, mwisho miaka 35. Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa, sina ugomvi na vijana, mimi mwenyewe nilinufaika. Ila yule mama aliyerudishwa mlangoni alikuwa na mawakala watatu kabla hamjafika.

Alianza bila mradi, na sabuni za kipande alizokatakata. Siku moja alisimama mbele ya hema mwanamke aliyekonda, hatukumtambua mara moja. Alikuwa mama wa mapacha, wa mlango wa bluu. Ameleta bakuli la unga wa mgao, akasema, "Mama, franka sina, lakini jina langu najua limo." Shangazi akaupokea unga kwa mikono miwili, akachukua kalamu, akapiga mstari. Kisha akamkaribisha mkekani, akamuuliza, "Siku hizi unajipaka nini, mwanangu?"