Landrova Kuukuu na Siri ya Rimu za Chuma

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wahenga walikuwa wakitazama jahazi majini waliposema hayo, lakini, msikilizaji, neno lao linafaa vilevile kwa gari linalopita barabarani. Watu wengi siku hizi wanafufua pikapu za zamani za Land Rover. Hununua rangi, hushona viti upya, hubadilisha taa. Rimu hukumbukwa mwisho, tena huchaguliwa kwa kung'aa kwake. Wiki hii nataka tuitazame historia ya kifaa hicho, kwa sababu ndiyo inayotuambia kipi cha kununua na kipi cha kuacha.

Tairi la upepo alilolitengeneza John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888 lilikuja kabla ya rimu zinazolistahili. Kwa miaka mingi magari yalitembea juu ya magurudumu ya mbao, kama mkokoteni wa farasi. Hata pikapu ya kwanza ambayo Ford waliitoa kiwandani ikiwa na bodi yake kamili, mwaka 1925, ilikuwa ya Model T yenye magurudumu ya namna hiyo. Mbao, kama ajuavyo kila seremala, husinyaa wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, na viungo vyake hulegea. Dawa ilikuwa chuma. Huko Uingereza kampuni ya Joseph Sankey ilianza mwaka 1908 kutengeneza magurudumu ya bamba la chuma lililokandamizwa kwa mashine. Polepole chuma kikashinda, kwa kuwa kilikuwa rahisi, imara na cha kufanana kila kimoja.

Sasa tuje kwenye Landrova yenyewe. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaifanyia bodi ya mchanganyiko wa aluminiamu. Lakini kulikuwa na sehemu ambazo hawakuthubutu kuzinyima chuma: chesisi na rimu. Hizo ndizo zilizobeba uzito wote.

Uamuzi huo wa wakati wa shida ndio unaowadanganya wanunuzi mpaka leo. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Kwa hiyo utaikuta pikapu ya mwaka 1962, bodi yake bado imesimama kama kijana, ukadhani gari zima ni zima. Kumbe chini, chesisi na rimu zimekuwa zikila chumvi, matope na mvua kwa zaidi ya miaka 60. Bodi inasema uongo. Rimu ndiyo inayosema kweli.

Je, uchague ipi? Kwanza hesabu, ndipo upendezwe. Land Rover za zamani zina stadi tano, na duara linalopita katikati ya stadi hizo lina kipenyo cha milimita 165.1, yaani inchi sita na nusu. Kipimo hicho kilidumu hadi Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilipotoka kiwandani Solihull, Januari 2016. Ndiyo maana rimu ya Defender hiyo inaweza kuingia kwenye gari la babu yake. Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019 nayo ina stadi tano, lakini duara lake ni milimita 120, haiingii. Land Cruiser za zamani za umbo la 40 zina stadi sita. Anayekwambia atazipanua tundu ziingie, mkimbie.

Pili, upana. Pikapu ndefu ya inchi 109 ilipewa rimu ya inchi 16 yenye upana wa inchi tano na nusu, na tairi la 7.50-16. Gari fupi la inchi 88 lilipewa rimu nyembamba zaidi, ya inchi tano. Zinafanana kwa macho, lakini kazi yake ni tofauti. Usitoe rimu ya gari dogo ukaitwika pikapu inayobeba magunia ya mahindi na watu juu yake. Na rimu iliyoingia ndani kupita kiasi hufanya tairi liguse springi unapokata kona.

Tatu, tyubu. Kwenye rimu nyingi za zamani sahani ya kati imeunganishwa na duara la nje kwa riveti, na upepo waweza kupenya hapo. Tena hazina ile nundu ndogo inayoshikilia ukingo wa tairi lisilo na tyubu. Kwa hiyo weka tyubu, hata fundi wa pancha akikucheka.

Baada ya hapo, ondoa rangi. Tazama kandokando ya tundu za stadi kama kuna nyufa, au kama tundu zimekuwa na umbo la yai. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Rimu iliyochomelewa karibu na tundu hizo iache kwa muuza vyuma chakavu.

Kuna wanaotetea rimu za aluminiamu, na hoja wanazo: ni nyepesi na hazishiki kutu upesi. Lakini kwenye barabara zetu za mashimo, chuma kikigongwa hupinda kabla ya kupasuka, na mara nyingi dereva hupata nafasi ya kusimama. Aluminiamu huweza kupasuka ghafla. Tena nati za rimu za chuma si lazima zikae sawasawa kwenye rimu za aluminiamu.

Neno la mwisho ni la hatari. Baadhi ya Landrova, hasa za jeshi, zilikuwa na rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati zake zenyewe, mbali na nati za gurudumu. Anayefungua nati hizo tairi likiwa limejaa upepo anafungua bomu. Kwanza toa upepo wote, kisha mpe kazi fundi anayezijua.

Pikapu kuukuu ni urithi, na wanaopanda nyuma yake ni watoto wa watu. Rangi mpya haitawashikilia siku gari litakapoingia shimoni. Rimu itawashikilia, au itawaangusha.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.