Kutwaa vitu vya wanafunzi: historia ya desturi moja ya masomo yetu



Katika kila masomo yenye watoto wa kulala, mukubwa wa disiplini ana kabati moja yenye ufunguo. Ndani yake munakaa vitu alivyotwaa mikononi mwa wanafunzi: telefone, redio ndogo, karata, visu, vitabu vya picha, barua, mara ingine na hirizi. Mwisho wa mwaka vitu vingine vinarudi kwa wenyewe. Vingine havirudi, wala hakuna anayejua vimekwenda wapi. Muzazi aliyeuza mbuzi apate kununua telefone ile anakuja kuuliza, na jibu analopata ni hili: «Ilikuwa imekatazwa.» Ni kweli, ilikuwa imekatazwa. Lakini jibu lile halisemi telefone iko wapi.

Jambo hili linaonekana dogo. Hata hivi sisi tunaotayarishwa kuwa mapadri tusilizarau. Wengi wetu tutapewa masomo tuyaongoze, na ufunguo wa kabati ile utakaa mufukoni mwetu. Basi tumeona vema kutafuta desturi hii ilitoka wapi, ilifuata sheria gani, na namna gani iliharibika.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kifaransa tunasema «confisquer», na neno hilo limetoka katika Kilatini. «Fiscus» ilikuwa kikapu cha kuwekea feza, kisha ikawa jina la hazina ya Kaisari wa Roma. «Confiscare» maana yake ni kutia mali ya mutu katika hazina ya Kaisari. Mutu aliyehukumiwa juu ya kosa kubwa alipotewa na mali yake, nayo haikurudi tena. Hapa tayari tunaona hatari. Jina la azabu ya wahalifu wa Roma tumelichukua, tukalitumia kwa mutoto aliyecheza karata usiku.

I. Katika Maandiko Matakatifu

Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha namna mbili za kupekua. Labani alikuwa akitafuta miungu ya nyumba yake. Aliingia hema kwa hema, akapapasa vitu vyote, asione kitu, kwani Raheli aliificha chini ya tandiko la ngamia, naye mwenyewe ameikalia. Kila prefe aliyepekua vyumba vya kulala anaijua habari hiyo bila kuisoma. Nyuma yake Yakobo alisema na watu wa nyumba yake waziwazi, akawaeleza sababu: walikuwa wakienda Beteli kumujengea Mungu altare. Nao wenyewe wakamupa miungu migeni yote iliyokuwa mikononi mwao, na pete za masikio yao. Yakobo akazika vitu vile chini ya muti mukubwa karibu na Shekemu. Hakujiwekea hata pete moja.

Kinyume chake ni Akani, katika kitabu cha Yosua. Vitu vya Yeriko vilikuwa vimekatazwa kwa watu wote. Akani aliona vazi zuri, na feza, na zahabu, akavificha chini katika hema lake, na taifa zima likapata hasara. Tufahamu vema: kitu kilichokatazwa kwa mutoto hakigeuki halali katika nyumba ya mwalimu. Mwalimu anayetwaa redio ya mwanafunzi, kisha anaisikiliza jioni kwake, anakwenda katika njia ya Akani.

Katika Matendo ya Mitume, watu wa Efeso waliofanya uchawi walileta vitabu vyao wenyewe, wakavichoma mbele ya wote. Bei yake ilihesabiwa, ikawa vipande 50.000 vya feza. Mutakatifu Paulo hakupekua masanduku yao. Alihubiri, nao wakaleta.

II. Kanuni ya Mutakatifu Benedikto

Desturi ya kupekua vitanda katika nyumba za malezi ina mizizi katika monasteri. Katika karne ya 6, Mutakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake kwa watawa. Katika sura ya 33 anakataza mutawa kuwa na kitu chake mwenyewe. Katika sura ya 54 anamukataza kupokea barua au zawadi, hata kutoka kwa wazazi wake, bila ruhusa ya Abati. Katika sura ya 55 anaamuru Abati akague vitanda mara kwa mara, na anayeonekana na kitu ambacho hakukipokea kwa Abati apate azabu kali.

Watu wengi wanashika maneno hayo, kisha wanafunga kitabu. Wangesoma mistari inayofuata. Palepale Benedikto anasema Abati ampe kila mumoja vitu vyote vinavyohitajiwa: mavazi, viatu, mukaba, kisu, kalamu, sindano, kitambaa, vibao vya kuandikia. Sababu yake ni kwamba mutu asiwe na neno la kujitetea kwa kusema alihitaji. Maana yake ni hii: anayetaka kukagua kitanda, atoe kwanza yaliyo ya lazima. Masomo yanayotwaa chakula kilichofichwa sandukuni, na wakati uleule watoto wanalala na njaa, yamechukua nusu ya Kanuni tu.

Tena katika sura ya 32, juu ya vyombo vya monasteri, Benedikto anataka Abati awe na orodha iliyoandikwa, apate kujua alichotoa na alichorudishiwa. Orodha ile inamufunga Abati kama inavyowafunga watawa. Na tukumbuke ya kwamba watawa wale walikuwa watu wazima waliojitoa kwa nadiri. Watoto wa masomo hawakuapa umasikini. Vitu vyao ni vyao, au ni vya wazazi wao.

III. Silaha na vitabu

Mutaguso wa Trento, katika mwaka wa 1563, uliamuru maaskofu wafungue seminari. Katika mwaka wa 1599 Wayezuiti walitoa kanuni ya masomo yao inayoitwa Ratio Studiorum. Kanuni hiyo inakataza wanafunzi wa inje kuingia masomoni na silaha, na visu, na vitu vingine vilivyokatazwa, na kusoma vitabu vibaya. Sababu ya silaha ni wazi: vijana wakubwa wa siku zile walitembea na silaha, na ugomvi wa muchezo uliweza kuleta kifo. Katazo lililinda uhai wa mutoto mwenyewe na wa jirani yake.

Juu ya vitabu habari ni ndefu zaidi. Papa Paulo IV alitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa katika mwaka wa 1559, na orodha za namna hiyo ziliongoza Kanisa hata mwaka wa 1966, zilipoacha kuwa sheria. Watu wanacheka orodha ile leo. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo kabati nyingi za masomo hazina: ilikuwa imeandikwa. Msomaji aliweza kujua mbele kitabu gani kimekatazwa, na aliyekuwa na sababu ya kweli aliweza kuomba ruhusa. Hata katika mwaka wa 1753 Papa Benedikto XIV alitengeneza namna ya kuhukumu vitabu, ili hukumu isifanywe kwa haraka, na muandishi mukatoliki mwenye jina zuri aweze kusikilizwa au kutetewa. Kumusikiliza mutu mbele ya kutwaa kitu chake si neno jipya la siku zetu.

IV. Katika misioni za Kongo

Wamisionari walipofika kwetu walileta maisha ya nyumba za malezi za Ulaya: kengele, kimya, sanduku la kila mumoja, na ukaguzi. Katika malezi ya namna hiyo, katika seminari ndogo iliyoanza Mpala kando ya ziwa Tanganika kisha ikahamia Lusaka, alilelewa Stefano Kaoze, aliyepadirishwa Baudouinville mwaka wa 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Tusisahau matunda hayo.

Lakini katika masomo ya misioni kulikuwa na kitu kimoja kilichotwaliwa kuliko vingine, ndicho hirizi na dawa za kinga. Mutoto alifungwa dawa kiunoni au shingoni na bibi yake. Mwalimu aliikata, akaitupa motoni. Juu ya imani, mwalimu alikuwa na haki kukataa ibada ya uongo. Juu ya mutoto, mara nyingi alikosea namna. Hakumuuliza nani alimufunga wala juu ya ugonjwa gani. Mutoto alirudi kwao bila kinga na bila maelezo, na akiugua, bibi alijua sababu. Nyuma yake mutoto alijifunza kuvaa dawa pahali ambapo mwalimu hapaoni, kama Raheli juu ya tandiko lake. Aliyetwaa bila kufundisha hakuondoa hirizi, aliificha tu.

Tena si vyote vilivyochomwa. Vitu vingi vya wazee wetu, sanamu na vinyago, viliondoka Kongo wakati wa ukoloni vikaingia katika nyumba za makumbusho za Ulaya, na vingine vilipita mikononi mwa wamisionari. Juu ya vingi hakuna aliyeandika jina la mwenyewe. Ndiyo sababu kazi ya kuvirudisha ni nguvu hata leo. Katika mwezi wa 6 wa mwaka wa 2022 mufalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakungu, nacho kililetwa kama kitu cha kuazima bila mwisho. Kikabati kisicho na orodha kinaweza kuzaa mashaka ya miaka mia.

V. Siku tulipotwaliwa vitu vyetu

Kisha ikaja zamu yetu. Katika mwezi wa 10 wa mwaka wa 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akadai inchi tajiri zirudishe vitu vya ustadi vya inchi masikini. Alisema haki. Lakini serikali yake yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kutwaa. Katika mwaka wa 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, na vyama vya vijana vya Kanisa vikafungwa; katika mwaka wa 1973 magazeti ya dini yakanyamazishwa. Mwisho wa mwaka wa 1974 masomo yote yakawa ya serikali, na somo la dini likaondolewa. Misalaba ikashushwa katika kuta za vyumba vya kusomea, na picha ya Rais ikatundikwa.

Siku zile Kanisa la Kongo lilijua utamu na uchungu wa kabati. Lililokuwa likishika ufunguo sasa lilisimama mulangoni kama mwanafunzi, likiuliza: tumekosa nini? Nani aliandika sheria hii? Vitu vyetu vitarudi lini? Jibu lilikuwa lilelile: imekatazwa. Serikali ilishindwa kuyaendesha masomo, na kwa mapatano ya tarehe 26 ya mwezi wa 2 wa mwaka wa 1977 Kanisa likarudishiwa uongozi wa masomo yake. Musalaba ukarudi ukutani. Tuliporudishiwa ufunguo, je, tulikumbuka namna tulivyojisikia siku tulipokuwa bila ufunguo?

VI. Sheria ya kabati

Mutakatifu Tomaso wa Akwino, anapofundisha juu ya kurudisha mali, anaweka tofauti kati ya mutu aliyetwaa kwa jeuri na mutu aliyepokea kitu kukilinda. Aliyepokea kukilinda halipi, kama kitu kimepotea bila kosa lake. Lakini kikipotea kwa kosa lake kubwa, yapaswa arudishe. Hapa ndipo pahali pa mukubwa wa masomo. Anaweza kumuzuia mutoto asitumie kitu. Hapati kwa hiyo mali ya kitu. Amekuwa mulinzi wa amana.

Sheria za siku zetu zinakwenda njia hiyohiyo. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 inalinda siri ya maisha ya kila mutu. Mapatano ya mataifa juu ya haki za mutoto ya mwaka wa 1989, ambayo inchi yetu iliyakubali katika mwaka wa 1990, yanamulinda mutoto katika barua zake pia. Hata Ufaransa, ilipokataza telefone masomoni kwa sheria ya mwaka wa 2018, iliruhusu walimu kuitwaa, lakini ikadai kanuni ya masomo iseme namna ya kuitwaa na namna ya kuirudisha.

Kwa hiyo tunaona kanuni tano. Ya kwanza: vitu vilivyokatazwa viandikwe, visomwe mbele ya watoto na wazazi mwanzoni mwa mwaka, pamoja na sababu. Ya pili: mutoto aulizwe mbele ya kitu kutwaliwa. Ya tatu: kitu kiandikwe katika kaye, na jina, na siku, na sahihi za wawili. Ya ine: siku ya kurudisha ijulikane, kitu cha hatari, kama kisu, kirudishwe kwa muzazi mwenyewe. Ya tano: mwalimu asikitumie, asikiuze, asisome barua wala kufungua telefone kwa kutaka kujua tu.

Mutaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya malezi ya mapadri ya mwaka wa 1965, ulisema disiplini ya seminari ifundishe vijana kujitawala, na kutumia uhuru wao kwa hekima. Kijana hajifunzi kujitawala katika nyumba ambapo mukubwa hajitawali mbele ya kabati wazi.

Wandugu, siku tutakapopewa ufunguo ule, tununue kaye kwanza. Mustari mumoja wa wino, jina la mutoto na jina la kitu chake, utamufundisha amri ya saba kuliko mahubiri yetu mengi.