Umelipa, Lakini Kwa Nani?

Juni ikianza kuisha, meza yangu ya kujaza ritani za kodi hapa Wote, Makueni, hujaa risiti. Nyingine huja kwenye bahasha, nyingine ndani ya kopo la Kimbo, nyingine zimekunjwa katikati ya Biblia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huzimwaga zote kwa pamoja: leseni ya biashara ya kaunti, tikiti za ushuru wa soko, na karatasi za benki za kodi ya awamu aliyoilipa Mamlaka ya Mapato, KRA. Kwake zote ni pesa zilizokwenda serikalini. "Mwaitu, si nimeshalipa?" huniuliza. Ni kweli amelipa. Ninachotafuta mimi ni alimlipa nani, na Ukambani swali hilo ni la zamani kuliko duka lake, kuliko hata mji huu wa Wote.

Kodi ya kibanda ilianza kutozwa na Waingereza mwaka 1901. Ilikuwa ya rupia chache, lakini rupia hazikuota shambani. Mtu aliuza mbuzi, au alikwenda kuzitafuta kwenye mkonge wa Kibwezi, kwenye reli, polisi au jeshini. Kila kibanda kilihesabiwa, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu. Nyanya yangu, mzaliwa wa Mutito kule Kitui, alisimulia jinsi wake wenza walivyobanana chini ya paa moja siku ambazo karani wa chifu alitarajiwa kupita. Wajane nao walitozwa. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasio na kibanda, ili kijana asikwepe kwa sababu tu hajaoa.

Halafu ukaja mwaka 1920. Kodi ilipandishwa hadi rupia 8, na katika kubadilisha sarafu rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi 2. Mtu akajikuta anadaiwa shilingi 16. Kelele zilikuwa nyingi, na za Harry Thuku kule Nairobi ndizo zilizosikika mbali zaidi. Mwaka 1922 serikali ikashusha hadi shilingi 12. Vitabu husimulia sana kupanda na kushuka huko. Mimi navutiwa na kile kikaratasi ambacho mlipaji alipewa. Asiyeweza kukionyesha alihesabiwa kuwa hajalipa, na tangu katikati ya miaka ya 1920 wasiolipa walikuwa wakipelekwa kwenye kambi za kizuizi kufanya kazi. Mwanamume alitembea na vitu viwili: kipande shingoni, kikieleza ameajiriwa na nani, na risiti, ikieleza kwamba mwaka huu hadaiwi. Panya akiila risiti, ilikuwa hasara ya mbuzi mzima.

Wakati huohuo mdai wa pili akazaliwa. Sheria ya 1924 ilianzisha mabaraza ya wenyeji, na Machakos na Kitui zikapata ya kwao. Makueni wakati ule haikuwa na jina lake kwenye orodha. Ilikuwa sehemu ya Machakos, na haikuwa wilaya hadi 1992. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza nyongeza yao ya shule, zahanati na barabara, nayo ilikusanywa pamoja na kodi ya serikali kuu. Mlipaji aliitoa meza ileile, mbele ya chifu yuleyule. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuamini kwamba serikali ni mfuko mmoja wenye midomo miwili.

Mifugo ndiyo ilikuwa benki ya kulipia haya yote. Ndiyo maana serikali ilipoanza kuwanyang'anya watu ng'ombe mwaka 1938 kwa madai kwamba wanaharibu udongo, maelfu walimfuata Muindi Mbingu kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi huo ukasimamishwa.

Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti yalibaki na kodi ya kichwa yenye viwango, ile wazee wanayoikumbuka kwa kusakwa na askari siku za soko. Januari 1970 shule, afya na barabara zikarudishwa serikali kuu, na muda mfupi baadaye kodi hiyo ikafutwa. Kwa miaka arobaini hivi mdai mkubwa akawa mmoja tu. Kisha Katiba ya 2010 ikamrudisha wa pili: kwa Kifungu cha 209, kodi ya mapato ni ya serikali kuu peke yake, nayo kaunti ikaachiwa kodi ya ardhi na majengo, burudani, na ada za huduma zake.

Kwa hiyo zile karatasi za kwenye kopo la Kimbo nazigawa mafungu mawili. Leseni na ushuru wa soko wa Kaunti ya Makueni ni gharama za biashara, zinapunguza faida. Kodi ya awamu inaondolewa kwenye kodi yenyewe, shilingi kwa shilingi. Ukiiweka kwenye gharama utalipa mara ya pili sehemu kubwa ya ulichokwisha kulipa. Ukijaribu kukata leseni ya kaunti kwenye kodi ya KRA, utakuwa unamlipia mdai mmoja deni la mwingine. Binamu yangu aliyeko Minnesota ana taabu hiyohiyo kwa jina jingine: hulipa makadirio kwa serikali ya shirikisho na mengine kwa jimbo, na kila malipo lazima yaingie kwenye ritani ya aliyeyapokea. Mwenzake wa Texas ameponea nusu ya kazi, maana jimbo lake halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi.

Awamu zetu hulipwa tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kwa anayetarajia kodi ya mwaka kufika shilingi 40,000. Unakadiria ya mwaka huu, au unachukua ya mwaka jana na kuiongeza asilimia 10. Unafuata iliyo ndogo. Mkulima ana ratiba yake: asilimia 75 Septemba, 25 Desemba. Aliyeiandika hakuwa na miembe. Huku kwetu maembe huanza kushika soko Desemba, kwa hiyo mwenye shamba Septemba anakadiria kwa kutazama maua, na mvua ya vuli bado haijasema neno.

Mwenye matatu ana karatasi nyingine, ya kodi ya mapema inayohesabiwa kwa viti, na ina ukurasa wake kwenye ritani. Siku hizi wengi nawaambia waje Mei. Malipo yaliyochaguliwa aina isiyo yake hukaa kwenye daftari jingine la KRA, na kuyahamisha huchukua muda ambao wiki ya mwisho ya Juni haina.