Helikopta ndogo ya umeme ya kuongozwa kwa redio

Helikopta ndogo ya umeme ya kuongozwa kwa redio ni chombo cha kuruka kisicho na rubani ndani yake. Huinuliwa na mapanga yanayozungushwa na mota ya umeme, na huongozwa kutoka ardhini kwa rimoti. Zile za kuchezea ndani ya nyumba zina uzito wa makumi machache ya gramu, na zile za wapenzi wa urushaji hufikia nusu kilo au zaidi. Makala hii inaeleza namna ya kuiandaa na kutafuta kasoro zake, hasa katika miji ya Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania kama Mbeya na Iringa. Huko hewa ni nyepesi kuliko pwani, na chombo kizima kabisa kinaweza kudhaniwa kibovu.

Historia kwa ufupi

Helikopta za mfano zilizoweza kuongozwa vizuri kwa redio zilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960. Miongoni mwa waanzilishi wake anatajwa Mjerumani Dieter Schlüter. Zilitumia injini ndogo za mafuta, zilikuwa ghali, na kuzirusha kulihitaji mazoezi ya miezi. Umeme ulishika nafasi baada ya mwaka 2000, pale betri nyepesi za lithiamu-polima, yaani lipo, na jairoskopu ndogo za kielektroniki ziliposhuka bei.

Aina

Nyingi zinazouzwa madukani kama vifaa vya kuchezea zina rota mbili juu ya mhimili mmoja, zinazozunguka kwa mielekeo iliyo kinyume. Kila rota inafuta msukumo wa mwenzake, hivyo mwili hauzunguki, na hata mtoto anaweza kuirusha siku ya kwanza. Aina ya pili ina rota kuu moja na rota ndogo mkiani ya kuzuia mwili usizunguke, lakini pembe ya mapanga yake haibadiliki. Ili ipande, mota lazima iongeze kasi. Aina ya tatu hubadilisha pembe ya mapanga ikiwa angani kwa msaada wa servo, yaani mota ndogo za kusukuma vijiti. Hii ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na helikopta halisi, na haimfai anayeanza.

Tofauti nyingine huwa haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Baadhi ya helikopta za bei ndogo hazitumii redio hata kidogo, bali miale ya infraredi kama rimoti ya televisheni. Jua la mchana lina infraredi nyingi kiasi cha kuufunika mwali wa rimoti, kwa hiyo chombo kinachotii vizuri sebuleni kinakuwa kiziwi kikitolewa uani. Hakuna cha kutengeneza hapo. Kirushwe ndani, au nje jioni jua likishazama. Zile za redio mara nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na hazisumbuliwi na jua.

Hewa ya nyanda za juu

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500. Katika kimo cha Mbeya densiti ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Panga la helikopta huinua kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikipungua, kani ya kuinua inapungua kwa kiasi kilekile ikiwa kasi na pembe ya mapanga hazikubadilika. Helikopta ya gramu 40 ambayo Dar es Salaam ilielea bila kupanda wala kushuka, Mbeya kwa kasi ileile ingeweza kubeba gramu 34 tu. Maana yake haiondoki chini.

Kani hiyo hukua kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Kwa hiyo nyongeza ya kasi ya asilimia 8 au 9 inatosha kufidia upungufu wote, na nguvu inayotakiwa kutoka kwenye betri huongezeka kwa kiasi kama hicho. Kwa helikopta yenye akiba ya nguvu hilo si tatizo: kijiti cha nguvu kinasukumwa juu kidogo zaidi na muda wa kuruka unafupika. Shida huwapata wenye vyombo vya bei ndogo, ambavyo hata pwani vilipaa kwa taabu kijiti kikiwa karibu mwisho.

Joto nalo lina sehemu yake. Asubuhi ya Julai, Mbeya ikiwa na nyuzi 10 za selsiasi, hewa ni nzito kwa takribani asilimia 5 kuliko alasiri ya nyuzi 25 mahali palepale. Hapo kuna jaribio lisilo na gharama: helikopta irushwe alasiri, kisha asubuhi na mapema ikiwa na betri iliyojaa na iliyokaa mfukoni mwa koti ili isipoe. Ikipanda vizuri asubuhi na kugoma alasiri, kinachopungua ni hewa na mota haina kosa.

Mfano mkubwa wa jambo hili haupo duniani. Ingenuity, helikopta ya umeme ya shirika la NASA yenye uzito wa kilogramu 1.8, iliruka kwenye sayari ya Mirihi mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Hewa ya huko ina densiti ya takribani asilimia 1 tu ya hewa ya dunia yetu. Ilipewa mapanga mepesi yenye upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, yaliyozunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika, na iliruka mara 72 kabla ya kustaafishwa mwaka 2024. Dawa yake ni ileile ya Mbeya, yaani uzito mdogo, mapanga marefu na kasi kubwa.

Kuiandaa

Kwanza rimoti iwashwe, kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, ndipo betri ya helikopta iunganishwe. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: helikopta kwanza, rimoti mwisho. Anayegeuza mpangilio huu anahatarisha vidole, kwani mota inaweza kuanza ghafla.

Mara betri inapounganishwa, chombo kiwekwe mahali tambarare na kisiguswe kwa sekunde kadhaa. Katika muda huo jairoskopu inajifunza hali ya kutulia ni ipi. Ikitikiswa wakati huo itaruka ikiwa na wazo la uongo kichwani, na mkia utageuka polepole bila kukoma. Watu wengi huenda kwa fundi kwa sababu hii, wakati dawa ni kuchomoa betri na kuanza upya.

Kitovu cha uzito hupimwa kwa kuishika helikopta kwa vidole kwenye kichwa cha rota, mapanga yakiwa yamekingama na mwili. Inapaswa kuning'inia sawasawa. Pua ikizama, betri irudishwe nyuma kidogo. Vitufe vya kusawazisha kwenye rimoti vitumike baada ya hapo, si kabla.

Kwa wale wa nyanda za juu kuna marekebisho zaidi. Kuvua kifuniko cha plastiki na taa za mapambo kunapunguza uzito bila kudhuru kitu. Kwenye aina zinazoruhusu kubadili giya, giya ya mota yenye meno 11 badala ya 10 inaongeza kasi ya rota kwa karibu asilimia 10 endapo mota inamudu mzigo huo. Joto la mota lichunguzwe baada ya kila dakika moja au mbili, kwa sababu hewa nyepesi pia inapoza vibaya.

Kutafuta kasoro

Helikopta isiyopanda ichunguzwe betri yake kabla ya kitu kingine chochote. Seli ya lipo iliyojaa ina volti 4.2. Fundi simu mwenye mita anaweza kuipima wakati mota inazunguka, chombo kikiwa kimeshikwa imara na mapanga yamevuliwa. Kama hata bila mzigo wa mapanga volti zinaporomoka, betri imechoka. Mzigo wa kweli ni mkubwa zaidi, hivyo kufaulu jaribio hilo peke yake si uthibitisho kwamba betri ni nzima. Kisha iangaliwe kama nywele au nyuzi za zulia zimejisokota kwenye shafti, na kama giya ina jino lililovunjika, jambo linalojulikana kwa mlio wa kukwaruza. Baada ya ajali, mapanga hurudishwa kimakosa. Katika aina ya rota mbili, mapanga ya juu na ya chini hayafanani na kwa kawaida yana alama za herufi. Yakibadilishana nafasi, hewa inasukumwa juu. Mkono ukiwekwa chini, mbali na mapanga, utahisi upepo au kuukosa. Hayo yote yakiwa sawa ndipo kimo kilaumiwe.

Mwili unaozunguka wenyewe katika aina ya mkia mmoja huwa na sababu mbili. Ukizunguka muda wote, rota ya mkia haifanyi kazi: waya wake mwembamba umekatika, au brashi za mota yake zimekwisha. Waya huo hulehemiwa kwa dakika chache. Ukizunguka tu wakati wa kupanda kwa nguvu, huenda mota ya mkia imefika mwisho wa uwezo wake, jambo la kawaida katika hewa nyepesi. Chombo kipandishwe taratibu.

Mtetemo mara nyingi hutoka kwenye shafti iliyopinda au panga lililomeguka. Shafti ibingirishwe juu ya kioo. Iliyopinda itaonekana ikiruka-ruka. Panga lililomeguka libadilishwe pamoja na mwenzake, kwa kuwa gundi ya upande mmoja inaharibu mizani. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kwenye beringi na mota, hivyo ni vema kuondokea kwenye nyasi au juu ya ubao badala ya udongo mtupu.

Betri na moto

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Betri ya lipo iliyovimba, iliyotobolewa au iliyochajiwa kupita kiasi inaweza kuwaka, na maji machache hayatoshi kuuzima moto wake kwa urahisi. Itumike chaja iliyotengenezwa kwa lipo tu, kwa mkondo usiozidi ukubwa wa betri: betri ya miliampea-saa 300 ichajiwe kwa ampea 0.3. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na kitanda na mapazia, na mtu awepo. Kuiacha usiku kucha kwa kuvizia umeme urudi ni kosa kubwa. Isitumiwe hadi kuisha kabisa, maana ikishuka chini ya volti 3 kwa seli inaharibika. Ikiwa haitatumika kwa wiki kadhaa, ihifadhiwe kwenye volti 3.8 hivi. Iliyovimba haitengenezeki.

Mahali pa kurushia

Nchini Tanzania vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na anayetaka kurusha nje anapaswa kuuliza kwanza kama chombo chake kinahitaji kibali. Karibu na Kiwanja cha Ndege cha Songwe, nje ya jiji la Mbeya, na kile cha Nduli, Iringa, pasirushwe kitu. Katika hifadhi za taifa, ikiwemo Ruaha, hairuhusiwi kurusha bila idhini. Helikopta ya gramu 40 inatosheka na ukumbi wa shule, ambako pia hakuna upepo.