Zanzibar wana rangi, Bara tuna redio: stori ya TV yetu

Wadau, mimi ni mgonjwa wa TV na wala sijifichi. Naangalia taarifa ya habari, tamthilia, mieleka, hata matangazo ya sabuni naangalia mpaka mwisho. Nyumbani walishanizoea. Nikiwa ofisini wenzangu wanabishana Simba na Yanga, mimi nabisha kuhusu nani alikuwa mchekeshaji bora wa kwenye luninga. (Nasema luninga hapa kwa kuwa naandika. Mtaani kwetu ukisema luninga wanakuuliza umetoka kutangaza wapi. Tunasema tivii, basi.)

Sasa kuna ubishi mmoja ambao baba yangu mdogo na marafiki zake hawajaumaliza tangu nipate akili. Wao walikua bila TV kabisa, wakati wenzao wa ng'ambo ya maji tu pale, mwendo wa boti, walikuwa wanaangalia TV ya rangi. Baba mdogo anasema Mwalimu alitunyima. Rafiki yake, mwalimu mstaafu, anasema Mwalimu alituokoa. Kila Idi wanaanza upya.

Nikaona bora niichimbe hii stori, maana ndiyo kazi niliyoisomea.

Kenya walianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wao. Uganda wakafuata 1963. Sisi Bara tukakaa. Zanzibar hawakukaa! Mwanzoni mwa miaka ya 1970, fedha za karafuu zikiwa zinaingia, visiwa vile vikajenga Televisheni ya Zanzibar, na wakaenda moja kwa moja kwenye rangi. Ndiyo ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Mzee Karume hakuwahi kuiona ikiwaka, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Lakini fikiria, jamani: nchi moja, muungano mmoja, upande mmoja unaona kanzu nyeupe na bahari ya bluu kwenye kioo, upande wa pili unaambiwa subiri.

Na usidhani ni sisi tu tuliokataa. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote huku kwetu wakati ule, haikuwa na TV ya taifa mpaka Januari 1976. Waziri wao mmoja, Albert Hertzog, aliipinga miaka mingi kwa kuogopa itaharibu mpango mzima wa makaburu wa kutenga watu kwa rangi zao. Kwa hiyo mzee wa Unguja mwenye duka la samaki aliona TV ya rangi kabla ya mzungu wa Johannesburg. Hii ukiitoa kwenye mabishano watu wanakaa kimya kidogo. Serikali mbili zisizoweza hata kusalimiana, moja ya ubaguzi na moja ya ujamaa, zote ziliiogopa sanduku moja.

Ila sababu hazikufanana, na hapa ndipo mwalimu mstaafu anapopata nguvu. Hoja ya serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba TV ni anasa ya wachache wa mjini. Nchi yenye wakulima wengi vijijini, wasio na umeme, fedha zake ziende kwenye redio. Na redio kweli ilifanya kazi. Mwaka 1973, wakati Zanzibar wanashughulika na rangi zao, Bara kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa kwenye vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, kipindi kikiisha wanajadili halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Hebu niambie ni TV gani ya wakati ule ingefikia watu hao wote. Na vichekesho havikukosekana, Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na mama yangu mpaka leo ukimtajia anaanza kucheka peke yake.

Hapo mwalimu mstaafu anapiga meza. Baba mdogo anajibu: sawa, na miaka ya 80 je? Na 90?

Ndiyo swali lenyewe. Sheria mpya ya utangazaji ilikuja 1993, enzi za Mzee Ruksa, vyama vingi vikiwa vimesharudi mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1994 zikaja ITV, DTV na CTN, zote za watu binafsi, zote Dar es Salaam. Tangu TV ya Kenya mpaka ya kwetu ni miaka 32! Mtoto aliyezaliwa Nairobi siku TV inawashwa alikuwa keshapata watoto wake. Na serikali, ile iliyosema TV isiwe ya wachache, ndiyo ikawa ya mwisho kufika. TVT ilikuja karibu na mwaka 2000.

Mimi kwa maoni yangu hapo ndipo tulipoumia. Sio kwa kuchelewa. Tuliumia kwa sababu TV ilipokuja, ilikuja kwa mkono wa biashara, kwa mji mmoja, kwa mwenye uwezo wa kununua. Kile hasa Mwalimu alichokiogopa ndicho kilichotokea, tena bila taifa kuwa limejifunza kutengeneza vipindi vyake. Matokeo yake kioo kikajaa vya watu. Mwalimu mstaafu hapendi nikisema hivi. Baba mdogo naye hapendi, kwa sababu simpi ushindi.

Tuje kwenye utamu sasa.

TV za mwanzo mtaani, zile za chogo, zilikuwa na heshima kuliko mgeni. Mama mwenye nyumba anaifunika kwa kitambaa cha kufuma, wengine waliitengenezea kabati la mbao lenye kufuli. Jioni kitambaa kinatolewa kama bibi harusi anafunuliwa. Watoto wa jirani wanajaa barazani, mlango ukifungwa wanahamia dirishani, dirisha likifungwa pazia wanasikiliza tu. Kuna waliokuwa wanatoza kiingilio. Kuna waliokuwa wanakupangia: leo umegombana na mwanangu, huingii. Ukitaka kujua nani ni nani mtaani ulikuwa huhitaji sensa, angalia tu nani kakaa kwenye kochi, nani kwenye mkeka, na nani nje.

Na antena! Bomba la maji, juu yake waya, na kwa wabunifu mfuniko wa sufuria. Mmoja yupo juu anazungusha, mmoja dirishani anapiga kelele: "Bado! Bado! Chenga bado! Hapo hapo, usiguse!" Akishuka tu, chenga zinarudi. Hii nimeikuta na mimi, hata kama nimezaliwa nyuma sana.

Halafu ndani ya miaka michache TV ikatupa watu wetu. Kundi la Kaole pale ITV, watu wanawahi kurudi nyumbani. Kaole ndiyo iliyotupa Steven Kanumba, na kutoka hapo akaenda kwenye filamu mpaka akajulikana Afrika nzima. Alifariki alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012, siku ya kumbukumbu ya Karume, ile ile niliyoitaja juu. Umati uliomzika sio wa mtu wa kawaida. Wengi wao hawakuwahi kukutana naye hata siku moja, walimjua kupitia sebule ya jirani.

Vya nje navyo tulivifanya vyetu. Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza 1998 kuhusu mgodi wa dhahabu, ilikuwa kwa Kiingereza. Shangazi yangu Kiingereza chake kinaishia "good morning". Lakini ndiye aliyekuwa mkalimani wa sebule nzima! "Huyu Cherel anamwambia mumewe nitakumaliza." Jirani anauliza umejuaje? "Si unaona macho?" Nakwambia mara nyingi alikuwa sahihi. Kwenye mabanda ya video huko nje kazi hiyo hiyo ilikuwa inafanywa na mabingwa kama Lufufu, anatia Kiswahili juu ya filamu na kuongeza chumvi yake. Shangazi alikuwa Lufufu wa bure.

Mwaka 2003 Mwisho Mwampamba akawa wa pili Big Brother Africa, na 2007 Richard Bezuidenhout akabeba kitita chote, dola 100,000. Mapadri na masheikh walikemea. Mabasi yakajadili. Nilikuwa mdogo, naambiwa nikalale, naangalia kwa upenyo wa mlango.

Kuna siku moja baba mdogo husimulia polepole, bila ubishi. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki London. Siku zilizofuata wenye TV walifungua milango, kochi na mkeka vikawa kitu kimoja, wakakaa wote kuangalia jeneza likirudi nyumbani. Yule aliyetukatalia TV ndiye aliyefanya milango ifunguliwe. Mwalimu mstaafu akifika hapo huwa anaomba maji.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na asubuhi ya mwaka mpya chogo isiyo na king'amuzi ikawa meza. Mfuniko wa sufuria ukarudi jikoni. Mwaka 2018 ukaja mgogoro wa leseni, chaneli za ndani zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia, na mtu aliyezoea kulipia kifurushi akajikuta hana taarifa ya habari ya nyumbani. Tukarudi pale pale pa 1994: nani yuko ndani, nani dirishani.

Siku hizi kwetu kuna simu tano na TV moja bapa ukutani, na mara nyingi inajiangalia yenyewe. Isipokuwa saa za tamthilia za Kituruki, ambazo zinakuja zimeshatiwa Kiswahili tayari, masultani wanagombana kama wamezaliwa Tanga. Shangazi anazipenda sana. Ila juzi nimemsikia analalamika kwamba aliyetafsiri hajui kazi, yule mama alivyokodoa macho hakumaanisha hivyo hata kidogo.